Mwenye Fahali Aliyeiona Malaga

Ukikutana na Mwenye Fahali usimwulize habari za ng'ombe. Akishakuona hujui kitu atakujibu neno moja na kuendelea na safari yake. Mwulize Malaga. Sema, "Mzee, mtu akifika Malaga ni kitu gani lazima aone?" halafu tafuta pa kukaa, maana hapo umejifunga mwenyewe, na hutaondoka kabla ya chai ya saa kumi.

Mimi ni jirani yake, ua kwa ua, huko Khayega. Siku hizi nauza mitumba ya watoto katika soko la Kakamega na nimepanga nyumba Amalemba, lakini kwetu ni kwetu, na kila mwisho wa juma narudi. Sitaeleza alizaliwa lini wala babu yake alikuwa nani. Ukitaka hayo mwulize yeye, atakupa mpaka ya babu ya babu, na nusu yake utafanya kazi ya kuchuja.

Mwone kwanza. Kofia ya kijivu iliyokuwa na umbo zamani. Koti refu la mvua, jua liwake lisiwake. Gambuti nyeusi anazozipangusa kila asubuhi kama mtu anayekwenda ofisini. Hana haraka, na hajui kutembea nyuma ya mtu. Mkiondoka pamoja, hata kama ni wewe unayejua njia, mtafika kona ya kwanza yeye yuko mbele.

Ni mtu wa amri. Nasema hivyo kwa heshima zote, na yeye mwenyewe hakatai. Matangani akiona mwongozaji amezidisha maneno, husimama na kusema, "Wewe, keti. Marehemu amesikia." Na mtu huketi. Chifu aliwahi kuegesha pikipiki yake kwenye njia ya ng'ombe, akaambiwa aitoe, akaitoa, tena akaomba radhi. Alipolazwa hospitali kwa ajili ya mapafu alimwamuru daktari amweleze ugonjwa wake kwa Kiluhya. Daktari alikuwa mtu wa Machakos. Ilibidi aitwe mfagiaji atafsiri, na Mwenye Fahali akamkosoa mfagiaji.

Nimewahi kumwuliza kwa nini hasemi tafadhali. Akanitazama kwa huruma. "Tafadhali ni ya mtu hajui anataka nini."

Binadamu mmoja tu ndiye aliyemweza, naye ni marehemu mkewe, mama mwembamba, mpole, ambaye alikuwa akisema "Kaa chini" kwa sauti ya kuombea chakula, na mzee anakaa. Alipofariki, Khayega nzima ilijiuliza nani sasa atamwambia akae. Hakupatikana.

Lakini kwa ng'ombe wake, ajabu, hana amri hata moja. Kwa wasiojua mambo yetu: huku fahali hupiganishwa na fahali, alfajiri, uwanjani, watu wakiwa wamewazunguka kwa nyimbo na ngoma za isukuti. Wanasukumana kwa pembe mpaka mmoja ageuke akimbie. Akishakimbia, kwisha. Hakuna anayemfuata kumuua. Mshindi anaimbiwa mpaka nyumbani kwake, aliyeshindwa anakwenda kula nyasi, na mwenyewe anatafuta sababu.

Fahali wa mzee wetu anaitwa Greda, kwa kuwa alipokuwa ndama alikwangua ukuta wa jiko la mkewe ukawa sawa kabisa na ardhi. Na Greda haamriwi. Greda anaulizwa. "Greda, tuende?" Kisha mzee anasubiri, mikono nyuma. Greda akipiga hatua, wanakwenda. Asipopiga, hawaendi.

Siku moja walifika ukingoni mwa lami mpya na Greda akagoma kuvuka. Sijui ni harufu, sijui ni weusi wake. Uwanjani mpinzani ameshafika, ngoma zinalia, watu wanatuma watu. Vijana wakakata fimbo. Mwenye Fahali akasimama kati yao na ng'ombe. "Atakayempiga atapigana na mimi kwanza," akasema. "Fahali anayepelekwa kwa kiboko anakwenda kumpigania mwenye kiboko." Jua likapanda, watu wakatawanyika, mpinzani akatangazwa mshindi bila kutoa jasho. Mzee na Greda wakarudi nyumbani polepole, na njiani, wallahi, alikuwa anamwonyesha mahali penye nyasi nzuri. Wazee wenzake walimcheka msimu mzima. Yeye aliwaambia wachekee kwao.

Basi huyo ndiye mtu aliyekwenda Malaga.

Mtoto wake ni mmoja tu, Mmbone, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Mmbone alikwenda Speni kufanya kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee katika huo mji wa Malaga, mji wa zamani sana ulio ukingoni mwa bahari. Alikuja kumzika mamake, akarudi, na baada ya hapo ikawa simu tu. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Kila mtu aliyepita kwa mzee alionyeshwa chumba cha Mmbone, sakafu mpya ya saruji, dirisha la vioo, na kila mtu aliambiwa, "Hii ni ya mwenyewe." Ukiuliza mwenyewe anakuja lini, anakuambia habari za saruji.

Halafu Mmbone akamwalika. Wiki moja kabla ya safari mzee alikuja kwenye kibanda changu sokoni, akapekua marundo ya nguo za watoto kana kwamba atapata humo koti la kumtosha, na mwishowe akasema kilichomleta.

"Ninaenda kumleta Mmbone. Amekaa huko ya kutosha. Mwambie mamako aanike hiyo godoro ya chumba yake."

"Na akikataa, Baba?" nikauliza, maana nami humwita hivyo.

Alivaa kofia yake. "Nani amekataanga nikisema?"

Nikaanza kukunja upya alizozipekua. Na si mimi pekee aliyeambiwa. Aliwaambia wa kanisani, akawaambia waliokuwa wakisagisha unga kwa posho mill, akamwambia hata mzee wa Mumias anayeuza vitambaa jirani na kibanda changu, Mwislamu mstaarabu asiyemjua Mmbone kwa sura wala kwa jina. Yule mzee alimwombea safari ya heri. Khayega nzima ilijua kwamba Mwenye Fahali anakwenda kumchukua mtoto wake na anarudi naye.

Alirudi peke yake.

Tulikuwa tumejipanga stendi, akina mama na nyimbo, kuku wameshaingia kwenye sufuria. Akashuka garini na mkoba mmoja. Tukaangalia nyuma yake. Dereva akafunga mlango. Bado tukaangalia. Mwenye Fahali akagonga fimbo chini.

"Mbona mnaangalia nyuma yangu? Habari iko mbele."

Na hapo hapo, kabla hajapewa maji, akaanza na kanisa.

Kanisa kuu la Malaga, ambalo ndilo la kwanza katika vitu vya lazima, lilitakiwa kuwa na minara miwili. Likajengwa mmoja. Wa pili uliishia kiunoni, na mpaka leo, baada ya mamia ya miaka, uko hapo, umekatika. Wenyeji wanaliita kanisa hilo kigutu, mwanamke wa mkono mmoja. Mzee alilipenda kupita kiasi. "Na hawaoni haya," alikuwa akisema. "Wageni wanatoka dunia yote kuja kuangalia kitu haijaisha." Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kwetu, ambako ukuta wa upande wa mashariki umengoja harambee tangu tukiwa watoto, akawaambia waumini waache kujidharau. Mchungaji hakufurahi, lakini alimwacha amalize. Angefanyaje?

La pili ni ngome. Iko kilimani katikati ya mji, nayo ilijengwa na Waislamu waliotawala huko zamani. Ina malango juu ya malango, michungwa, na maji yanayopita katika vijifereji sakafuni ili nyumba ipoe. Hayo maji yalimshika. Alimtembelea makusudi yule mzee wa vitambaa kumpa salamu.

"Salaam aleikum. Nimeona nyumba ya ndugu zako."

"Aleikum salaam. Ndugu zangu wako Matungu."

"Hao wa Matungu wamekuficha mengi," akasema Mwenye Fahali, akavuta kiti, na wateja wangu wakahamia huko kusikiliza. Mpaka jioni yule Mwislamu alikuwa anasema alhamdulillahi kwa kila kijifereji.

Chini ya ngome kuna uwanja wa michezo ya kuigiza wa Warumi, ngazi za mawe zimepinda kama nusu ya ungo. Alikaa juu kabisa. Mmbone alimweleza kwamba watu walikuja hapo kutazama wengine wakijifanya wafalme. Akasema hiyo ni baraza ya chifu tu, ila wao walikuwa na viti bora. Kuna soko lenye lango la karakana ya kale ya meli na dirisha la vioo vya rangi, ukubwa wa nyumba. Humo aliona samaki wa kila namna, akauliza omena, dagaa wetu wa ziwani, hakuna, akawahurumia. Alikula dagaa wakubwa waliochomwa kwenye vijiti, ufukweni, moto umewashwa ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga. Alikula vizuri, akakiri ni watamu, akasema kilichokosekana ni obusuma, ugali wetu, ya kuwashikilia. Bahari yenyewe aliitazama mara moja. "Maji bila ng'ambo," akasema. Hakuwa na zaidi.

Haikupita muda akaihamishia Malaga Khayega. Anapotembea na mtu anamwonyesha kwa fimbo: posho mill ndiyo kanisa, mwinuko wa kwenda kwenye mwamba wa Jiwe Linalolia ndio ngome, kituo cha boda boda ndio soko. Alianza kwa kutaka watu waelewe umbali, lakini ikashika. Juzi nilimwambia mwendesha boda anishushe kwa posho mill, akaniuliza, "Hapo kwa mkono mmoja?" Kijana hajawahi kuvuka Kisumu.

Ila ukifika uwanja wa mafahali, mzee hupunguza sauti.

Maana Malaga nako kuna uwanja wa mafahali, mkubwa, wa duara, karibu na bahari. Mmbone alikuwa amemwekea huo mwisho, kama mtu anavyowekewa kipande cha nyama, na mzee alikuwa amejitayarisha tangu Khayega. Desturi yetu, kwa kadiri alivyotufundisha yeye, huendi kumwangalia fahali wa mtu mikono mitupu. Unapita kwanza nyumbani kwa mwenyewe, unasalimu, unatoa kitu kidogo. Kwa hiyo alikuwa amebeba kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Alimbebea mwenye fahali wa Malaga.

Siku hiyo hakukuwa na mchezo. Uwanja ulikuwa mtupu, mchanga umesawazishwa, na msichana mmoja anawazungusha wageni na kueleza. Fahali anaingilia mlango huu, akasema. Mmbone akatafsiri. Mzee akautazama mlango, akazunguka kwa macho uwanja mzima, akauliza, "Na mwenzake anaingilia wapi?"

Mmbone akadhani hakusikia. Mzee akarudia. Fahali wa pili. Mlango wa fahali wa pili.

Ikabidi aelezwe. Hakuna fahali wa pili. Kuna mtu, ana kitambaa, ana upanga, na mwishoni fahali anakufa.

"Siku zote?"

"Karibu siku zote, Baba."

"Hata akikimbia?"

Msichana akatafsiriwa swali hilo, akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Mzee akauliza nyumbani kwa mwenye fahali ni wapi, angalau amsalimu. Akaambiwa ni mbali, mashambani, na mwenyewe siku ya mchezo si lazima afike. Hapo akaitazama ile kamba yake. Kamba akampa bawabu wa mlangoni, ambaye aliipokea kwa mikono miwili bila kujua ni ya nini, na mzee anamsifu bawabu huyo mpaka leo.

Lakini kabla ya kutoka aliingia mchangani. Akasimama katikati, na koti lake la mvua, akaimba wimbo wa Greda. Ni wimbo wa kuitikiwa, mmoja anaanzisha na wengine wanarudisha, na hapo hapakuwa na wengine, palikuwa na wageni na simu zao. Akaanzisha. Kimya. Akaanzisha tena. Na Mmbone, ambaye hakuwa ameuimba tangu tulipokuwa wasichana wa kukimbia nyuma ya ngoma na viatu mkononi, akaitikia.

"Mpaka mwisho," mzee aliniambia. "Hakukosea hata mahali moja."

Nilingoja aendelee. Hapo ndipo hadithi ilipotaka kufika penyewe, ndipo mtu angesema: nikamwambia turudi, akasema hivi, nikasema vile. Hakuendelea. Akanirudisha sokoni kwenye samaki.

Na hivyo ndivyo alivyotufanyia wote. Ukiuliza Mmbone, unapewa mnara. Ukiuliza kwa nini hakuja, unapewa vijifereji. Sasa watu wetu mnawajua, usipowapa habari wanapika yao. Ikasemwa Mmbone alimkatalia babake mbele ya Wazungu. Ikasemwa alimfungia mlango. Nilisikia kwenye foleni ya maji mama mmoja akisema mtoto aliyemwacha babake hivyo, hata akirudi, nani atampa mkono? Na mzee, mwenye ulimi wa kumketisha chifu, aliyasikia yote hayo na hakusema hata moja la kuyazima. Hilo ndilo lililoniumiza. Niliona mtu amevunjika na anajifunika na makanisa.

Nikampigia Mmbone. Sikupiga kwa upole.

"Mzee wa watu amevuka bahari kuja kukuchukua," nikamwambia, "na wewe umemrudisha kama barua. Watu wanasema umemkataa. Nijibu nini?"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Amesema nimemkataa?"

"Yeye hajasema chochote. Anasema Malaga."

"Hakuniuliza," Mmbone akasema.

"Nini?"

"Hakuniuliza turudi. Nilijua amekuja kwa hilo, mamako alikuwa ameniambia ya godoro. Nikafunga sanduku. Nikamwambia hata huyu bibi yangu atafute mtu mwingine, akalia, nikalia. Kila siku nilikuwa nampeleka mahali, nikifikiri, leo atasema. Kanisani nikangoja. Kule kilimani nikangoja. Siku ya uwanja, baada ya kuimba, nikajua sasa. Akasema amesikia njaa." Akapenga kamasi. "Baba husemanga kila kitu. Hicho peke yake hakusema. Nimefikiri sana, nikaona labda alinitazama, akaona mtoto aliyekuja kumchukua si huyu. Kwamba hanitaki tena."

Nilikaa na simu mkononi, marundo ya fulana mbele yangu, mteja ananiuliza bei nami simsikii. Niliwakasirikia wote wawili. Huku kwetu mzazi hamwambii mtoto mzima kwamba anamtaka. Anamwambia njoo. Anamwambia leta chumvi, anamwambia funga mlango, anamwambia njoo, na mtoto anajua kusoma humo ndani. Sasa kama hata hiyo njoo haikusemwa, mtoto asome wapi?

Jumamosi iliyofuata nilidamka kwenda uwanjani. Greda hapigani tena, amezeeka, lakini mzee humleta atazame, na wanasimama pembeni wawili hawa, kila mmoja na maoni yake. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye nyasi. Ngoma zilikuwa zinapashwa moto. Nikamsalimu, nikasimama ubavuni mwake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwuliza Malaga.

"Baba, kwa nini hukumwambia Mmbone arudi?"

Hakugeuka. "Nani amekuambia sikusema?"

"Mmbone."

Akamkwangua Greda nyuma ya sikio, muda mrefu.

"Nilikuwa natafuta kiatu," akasema. "Ile asubuhi ya kwenda kwa uwanja. Nikainama chini ya kitanda yake, nikapata sanduku. Nikalivuta, kumbe ni zito. Nikafungua. Ni nguo zake zote, mukhana wanje, binti yangu, amezikunja vile mamake alikuwanga anakunja. Hata zile za baridi, na ilikuwa joto."

"Kwa hiyo ulijua alikuwa tayari kuja."

"Nilijua nikisema neno moja tu anakuja."

"Si ndilo ulilokuwa umefuata?"

"Ndilo." Akasafisha koo. "Na ningesema. Lakini huyo mtoto huko anasalimiwa na kila mtu. Wauza samaki wanamjua. Yule bibi anamshika mkono akivuka barabara, hata mimi alinishika. Sasa nikaona, akikuja atakuja juu yangu. Kwa sababu baba amesema. Atakaa kwa hiyo chumba, ataniangalia kila siku, atanipikia, na mimi sitajua kama anapenda kukaa ama anatii. Nikasema, wacha. Nitanyamaza. Kama anataka, atasema yeye. Mimi nimesema maisha yangu yote, siku moja wacha nisikie."

Uwanjani fahali wa kwanza aliingizwa na watu wakapiga vigelegele. Mzee hakutazama.

"Naye alikuwa anangoja wewe," nikasema. Nilisema polepole, maana niliona haya maneno yana uzito gani kwa mtu wa umri wake. "Ameniambia mwenyewe. Amekaa huko akifikiri ulimwona ukamkataa. Anafikiri humtaki, Baba."

Sijawahi kumwona Mwenye Fahali akikosa pa kuweka mikono. Aliishusha, akaipandisha kwenye kofia, akaitia mifukoni mwa koti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto mdogo. Akasema kitu kwa Kiluhya, chini chini, na nilichodaka ni jina la marehemu mkewe tu.

Kisha akanyoosha kiganja. "Mpigie."

"Sasa hivi? Huko bado ni mapema sana."

"Mpigie, nimesema."

Huyo tena alikuwa yeye. Nikapiga. Iliita mpaka nikakaribia kukata, halafu Mmbone akaitika kwa sauti ya usingizi. Nikampa mzee simu. Yeye huishika mbali na sikio na kupaza sauti, kwa hiyo nilisikia, na mwenye ng'ombe wa jirani naye akasikia, na sijali.

"Mmbone. Ni babako. Niliona sanduku." Akapumua. "Nyamaza kwanza, usilie, sikia. Mimi nakutaka nyumbani. Nimekutaka tangu ile siku umeondoka. Hii si amri. Ukikaa huko, kaa, mimi sina neno, nitakuja tena nikuone. Ukikuja, mlango ni yako. Mimi sikuambii njoo. Nakuambia tu vile iko."

Upande wa pili sauti ndogo ikasema, "Nimesikia, Baba."

"Sawa," akasema, akanirudishia simu. Akavuta kofia mbele kidogo, akamwuliza Greda kama waende karibu zaidi, na Greda akakubali. Wakaniacha.

Nikaiweka simu sikioni. Mmbone alikuwa bado yuko, nilikuwa namsikia akipumua, na nyuma yake mtu mzee akimwuliza kitu kwa lugha ya huko.

"Umesikia alivyosema?" akaniuliza.

"Nimesikia. Nimesimama hapa hapa."

"Amesema amenitaka tangu lini?"

"Tangu siku ile umeondoka."

"Sema tena."

Ngoma zilikuwa zimeanza na watu wanapita mbio mbele yangu. Nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikamwambia tena.